Waya wa Kijivu Darini

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi juu ya maboriti ya dari, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika waya wa buluu.

Inspekta alipanda ngazi kidato kwa kidato, akaingiza kichwa kwenye tundu la dari, akatulia hapo. Kituo kizima kilimwita Kobe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku mvua ya mawe ilipowakuta kwenye gwaride. Joto la mabati lilimvaa usoni. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua lilikuwa limeyachoma tangu asubuhi.

"Unaona nini, afande?" Sajenti aliuliza kutoka chini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kalamu na mwepesi zaidi wa kucheka, ila leo hakucheka. Alikuwa ameshikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Vumbi," Kobe akajibu. "Vumbi, na mtu."

Akamulika tochi. Vumbi la miaka lilikuwa limetanda kila mahali: juu ya mbao, juu ya mabomba ya umeme wa taa, juu ya mfuko wa vyombo vya fundi. Kitu kimoja tu kilikuwa safi. Karibu na kisigino cha marehemu palikuwa na drili, nayo iling'aa kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

Kobe aliitazama drili ile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

Marehemu alikuwa fundi wa kufunga kamera za ulinzi. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Popo, maana nusu ya maisha yake aliyamalizia darini, akivuta nyaya kutoka chumba hadi chumba. Asubuhi ile alikuja kufunga kamera sita. Mchana akawa wa kubebwa kwa machela.

Sebuleni, mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono juu ya magoti, miwani myeusi machoni. Alikuwa mstaafu wa shirika la simu, na watu walimwita Mzee Laini. Wengine walisema ni kwa sababu ya laini za simu alizozihudumia miaka thelathini, wengine wakasema ni kwa sababu ya sauti yake, ambayo haikupanda hata akikanyagwa kidole.

"Pole na mkasa, mzee," Kobe alisema, akivuta kiti.

"Asante, mwanangu. Umeme wa hizo kamera ndio umemuua. Nilirudi saa saba, nikaita, kimya. Nikapanda ngazi, nikamkuta vilevile mnavyomwona. Waya mkononi."

"Ulikuwa wapi?"

"Kliniki ya macho. Wamenitia dawa, naona ukungu mtupu. Ndiyo maana ya hii miwani."

"Na mama mwenye nyumba?"

"Nimempigia simu, anasema alitoka saa nne kupeleka foronya za mteja. Alimwacha fundi peke yake."

"Nani aliagiza kamera?"

"Binti yetu. Anaishi mbali. Tangu jirani aibiwe, amekuwa hana usingizi. Mimi nilimwambia hakuna haraka." Akatikisa kichwa. "Angenisikiliza, mtoto wa watu angekuwa hai."

Kobe aliandika neno moja kwenye kijitabu chake: *haraka*. Kisha akainuka, magoti yakilia kama bawaba kavu.

Nje ya geti, pikipiki ilikuwa imesimama, na mwanamke mwenye ovaroli ya kazini alikuwa akizozana na konstebo. Begani alikuwa na mfuko wa vyombo, mkononi bado ana koleo, kana kwamba habari ilimkuta kazini na hakukumbuka kuliweka chini.

"Mwache apite," Kobe alisema. "Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Na mwenzake wa kazi. Yeye darini, mimi chini, miaka kumi na miwili." Sauti yake ilikuwa kavu. "Leo tu ndipo tuligawana, kulikuwa na kazi mbili. Amekufaje?"

"Mwenye nyumba anasema amepigwa na umeme wa waya wa kamera."

Mke wa Popo alimtazama kana kwamba ameambiwa mtu amezama kwenye kikombe cha chai.

"Waya upi?"

"Wa buluu. Alikuwa ameushika."

"Afande, waya ule ni wa mtandao. Unabeba picha na umeme kwa pamoja, kweli, lakini umeme wenyewe ni volti arobaini na nane. Utakushtua kama sisimizi, utatukana, utaendelea na kazi. Na huo umeme unatoka kwenye swichi, kisanduku ambacho nyaya zote za kamera zinakutana. Swichi iko wapi?"

Kobe hakujua. Sajenti ndiye aliyejua, maana alikuwa ameorodhesha kila kitu. "Kuna katoni mbili sebuleni, juu ya kochi. Hazijafunguliwa."

"Basi," mke wa Popo alisema. "Swichi imo ndani ya katoni. Waya ule ulikuwa mfu kama kamba ya kuanikia nguo."

Halafu akaketi ukingoni mwa barabara, na koleo likamwanguka. Sajenti akaketi naye vumbini, sare na yote, akamshika mkono. Kobe alisubiri. Kusubiri ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote.

Mwanamke alipotulia kidogo, Kobe akauliza, "Mliongea leo?"

"Alinipigia saa tano na robo. Akaniambia, 'Mke wangu, kule darini kuna kazi ya mtu mwingine, siielewi.' Nikamuuliza kazi gani. Akasema, 'Nitakwambia nyumbani.' Halafu nikasikia mtu anamwita. 'Kijana, shuka.' Akakata simu."

"Sauti ya mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Sauti ya chini, ya pole."

Kobe na Sajenti walitazamana. Mzee Laini alisema alirudi saa saba.

"Nisomee vyombo vyake," mke wa Popo alimwambia Sajenti. "Nijue kama kuna kilichopotea."

Sajenti akasoma: drili, bisibisi tatu, koleo la kubania vichwa vya waya, mfuko wa vichwa hamsini, utepe, rula, testa moja mfukoni mwa shati.

"Testa moja? Na mtoto wake?"

Sajenti aliinua uso, kalamu imeganda. "Kuna mtoto?"

"Si mtoto wa mtu. Testa ya waya ina vipande viwili. Kikubwa tunakiita mama, kidogo mtoto. Mama unamchomeka mwisho huu wa waya, mtoto mwisho ule, taa zinawaka kukuonyesha waya ni mzima. Mmoja bila mwenzake hana kazi. Wa kwetu nimempaka rangi ya kucha, nyekundu, tusiibiwe. Mume wangu hawezi kuwaacha mbalimbali."

"Hayupo kwenye orodha," Sajenti alisema.

"Basi mtafuteni."

Mke wa Mzee Laini alirudi akiwa na kapu tupu mkononi. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mshonaji wa vitambaa vya meza na foronya, na mtaani aliitwa Mama Vitambaa. Kobe alimhoji kwenye chumba chake cha kushonea. Palikuwa na cherehani dirishani, rundo la vitambaa, kiti chenye mto, simu ndogo juu ya meza. Ukutani picha ya kijana mwenye kofia ya mahafali, na utepe mweusi kwenye kona.

"Mwanao?"

"Alikuwa. Ni miaka kumi sasa."

"Pole sana, mama. Ulimfungulia fundi saa ngapi?"

"Saa tatu. Mume wangu alikuwa ameshatoka. Kwa kweli yeye hakujua fundi anakuja leo. Binti yangu aliniambia, 'Mama, mwite fundi wakati baba yuko kliniki, la sivyo atamfukuza tena.'"

"Alishamfukuza?"

"Mara mbili. Kila mara ana sababu."

"Fundi alikuuliza chochote kabla hujaondoka?"

Akafikiri. "Aliniuliza kama nyumba hii iliwahi kufungwa kamera. Nikacheka. Nikamwambia hatuna hata televisheni ya maana."

Kobe akaandika. "Mumeo ni mtu wa namna gani?"

Uso wa yule mama ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyeulizwa jambo analolipenda.

"Nisikufiche, zamani tulikuwa hatuivi. Mtoto alipokufa, kila mtu alijifungia na machozi yake. Nilikuwa nimeamua kuondoka. Dada yangu anajua, yeye ndiye ninayeongea naye kila siku, hapa hapa, nikishona. Halafu yule mzee akabadilika, sijui malaika gani alimtokea. Nikiwaza kitu, ameshakileta. Nikiwa na huzuni ya mwanangu, anakuja, anakaa pale mlangoni, haniulizi kitu. Anajua kabla sijafungua mdomo. Wanawake wenzangu wananionea wivu."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa sasa."

Kobe alifunga kijitabu. Kuna jambo katika maneno yale halikumkalia sawa, lakini hakuweza kulipa jina. Aliyatazama macho ya yule mama, akatamani kazi hii ingemwangukia mtu mwingine.

Asubuhi ya pili majibu yalikuja moja baada ya jingine. Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu saa mbili.

"Fundi wako hakufa kwa umeme. Hana alama ya kuungua, si mkononi, si miguuni. Alipigwa kisogoni na kitu kizito. Pigo moja."

"Drili inaweza?"

"Kitako cha drili kinaweza sana."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa tano na saa sita mchana."

Maabara ikathibitisha kwamba drili ilifutwa. Hata alama za vidole za mwenyewe hazikuwepo. Naye Sajenti akarudi kutoka kliniki ya macho, akihema.

"Mzee alitiwa dawa saa nne, akaruhusiwa saa nne na dakika arobaini. Muuguzi anamkumbuka, alimshika mkono kuvuka barabara. Kutoka pale hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini, hata kwa mtu anayeona ukungu."

"Saa tano," Kobe alisema.

"Tumkamate?"

"Kwa kosa gani? Kusema saa saba badala ya saa tano? Atasema alipitia kwa rafiki. Sajenti, mtu haendi kumuua fundi wa kamera bila sababu. Popo alikuta kazi ya mtu mwingine darini. Tuitafute kwanza hiyo kazi."

Mtaalamu wa mitambo wa polisi alikuwa likizo. Kobe akawaza, halafu akafanya jambo ambalo mkubwa wake asingelipenda: akampigia mke wa Popo.

"Sikulazimishi. Una msiba."

"Nakuja," mwanamke yule alisema. "Nikikaa na waombolezaji nitapasuka."

Alikuja na ovaroli ileile. Sajenti alipewa kazi ya kurekodi kila hatua kwa simu, na kila kitu kiguswe mbele ya mashahidi. Mzee Laini alifungua mlango, miwani bado usoni. Kobe akamwonyesha hati ya upekuzi.

"Pekueni, wanangu. Sina la kuficha."

Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya sebule, kimejaa simu za zamani, nyeusi, nzito, zimepangwa kwenye rafu kama askari. Kabati moja lilikuwa limesogezwa. Alama za miguu ya kabati sakafuni zilikuwa mpya. Kobe na konstebo wakalisukuma. Nyuma yake, chini ukutani, kulikuwa na kitundu, na ndani ya kitundu ncha ya waya wa kijivu, imekatwa sawasawa na ukuta.

"Hii nini, mzee?"

"Waya wa simu. Wa zamani. Nilijifungia mwenyewe nikiwa kazini."

Mke wa Popo alipiga magoti, akaivuta ncha ile kwa koleo ikatoka kama kidole kimoja. Akamenya ganda lake, nyaya ndogo zikachomoza, za rangi rangi.

"Mzee wangu," alisema bila kugeuka, "simu ya zamani hutumia nyaya mbili. Mkizidisha, nne. Hizi ni nane."

Mzee Laini akarekebisha miwani yake.

"Nane ni za mtandao," akaendelea. "Ncha mpya kabisa, shaba inang'aa. Imekatwa jana au juzi. Afande, niruhusu niufunge kichwa."

"Endelea."

Mikono yake ilianza kazi iliyoizoea. Alizinyoosha nyaya nane, akazipanga: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu, kahawia. Akazikata sawasawa, akazisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, akabana kwa koleo. Kilisikika kishindo kidogo.

"Naomba mama," alisema.

Sajenti alimpa testa kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akiwa amevaa glavu. Mke wa Popo akavaa zake, akachomeka, akabonyeza kitufe.

Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Zikaenda zikifuatana hadi ya nane, kisha zikaanza upya.

Mwanamke yule alijishika mdomo.

"Nini?" Kobe aliuliza.

"Taa haziwaki mama akiwa peke yake. Mtoto yuko upande wa pili. Mume wangu alimwacha hapo."

Kobe alipanda darini mwenyewe. Konstebo kijana alijitolea, akamkatalia. Alitambaa juu ya maboriti, jasho likimtiririka hadi machoni, akiufuata waya wa kijivu uliokuwa umepigiliwa vizuri kwenye mbao, umekunjwa kwa adabu kila kona, kazi ya mtu aliyeijua kazi. Ulipita juu ya sebule. Ukapita juu ya ukumbi. Ukaishia kwenye tundu la hewa lenye wavu, na pale, nusu umezikwa kwenye vumbi, mwisho wake ulikuwa umechomekwa kwenye kisanduku cheusi kisichozidi kiberiti. Kilikuwa na alama ya rangi nyekundu ya kucha, na taa zake nane zilikuwa zikikimbizana gizani.

Kandokando ya wavu kulikuwa na matundu mawili ya skrubu, na kati yake duara safi lisilo na vumbi, saizi ya kifuniko cha chupa. Kitu kilikaa hapo kwa miaka, na kilikuwa kimeng'olewa juzijuzi.

Kobe akasogeza jicho kwenye wavu, akatazama chini.

Aliona kiti chenye mto. Aliona cherehani, na simu ndogo juu ya meza. Aliona utosi wa Mama Vitambaa, aliyekuwa ameketi akikunja kitambaa, asijue lolote.

Lile jambo ambalo halikumkalia sawa tangu jana sasa lilipata jina.

Akashuka. Alijipangusa uso, akanywa maji, akamwambia Mzee Laini aketi.

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ulirudi saa ngapi jana?"

"Saa saba."

"Kliniki wanasema ulitoka kabla ya saa tano. Mke wa marehemu alikusikia kwenye simu, saa tano na robo. 'Kijana, shuka.'"

"Sauti zinafanana."

"Kamera iko wapi, mzee?"

"Kamera gani?"

"Ya juu ya kiti cha mkeo."

Mzee Laini alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, mboni zimepanuka bado kwa dawa. Alionekana ghafla mzee sana.

"Mliona vipi? Nilitoa kila kitu."

"Hukutoa kisanduku kidogo mwishoni mwa waya."

"Sikukiona," akanong'ona. "Nilipapasa. Nilidhani ni kichwa cha waya tu. Sikuwa naona."

"Kamera iko wapi?"

Alinyoosha kidole kuelekea rafuni, kwenye simu kubwa kuliko zote. Sajenti aliifungua kwa bisibisi. Utumbo wa simu ulikuwa umetolewa zamani. Ndani yake kulikuwa na kamera ndogo yenye kipaza sauti, swichi, na diski ya kuhifadhia picha, vyote vimefungwa kwenye kitambaa cha mkono kilichotariziwa maua.

"Eleza tangu mwanzo," Kobe alisema.

Mzee alieleza kwa sauti yake ileile ya pole, kama mtu anayeagiza chai.

"Miaka tisa iliyopita mke wangu alitaka kuniacha. Nilimsikia kwa bahati, anaongea na dada yake. Nilitaka kujua kosa langu, na mimi si mtu wa kuuliza. Najua nyaya. Nikavuta waya nikafunga kamera. Nilidhani wiki moja, mbili. Nikasikia yote. Kwamba sijawahi kumtaja mwanetu kwa jina tangu tumzike. Kwamba nakula namaliza naondoka. Kwamba anatamani mtu akae naye tu. Basi nikaanza kukaa naye. Nikaanza kumtaja mtoto. Akafurahi. Nikawa nasikiliza kila siku, nipate la kufanya kesho."

"Miaka tisa?"

"Ningeachaje? Ningekosea."

"Na Popo?"

"Nilimkuta hapa ofisini, kabati liko wazi, kile kimashine chake mkononi. Nilikuwa nimemwita ashuke nikidhani yuko darini, kumbe ameshashuka. Alikuwa ameshaelewa. Aliniuliza swali moja tu: 'Mzee, mama anajua?' Nikamwambia hayo ni ya mtu na mkewe. Akasema, 'Basi mwambie leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi akirudi. Mimi nafunga kamera za kuwalinda watu, siwezi kufunga sita nyingine huku najua hii ipo.' Akapanda kwenda kukusanya vyombo vyake. Nikapanda nyuma yake. Nilitaka kumsihi tu."

"Ukamsihi kwa drili, kisha ukaifuta, ukamshikisha waya wa buluu?"

Mzee akafumba macho.

"Ilikuwa pale pale tunduni. Alikuwa amenipa mgongo. Nikawaza, saa moja ijayo mke wangu ataingia na kapu lake, na huyu atamwambia. Atajua kwamba sikuwahi kumwelewa hata siku moja. Kwamba nilikuwa nanakili. Afande, kazini nilikuwa mtu wa kawaida, ubaba ulinishinda. Kitu kimoja tu nilichosifiwa maishani ni kwamba najua moyo wa mke wangu. Ningebaki na nini?"

Mke wa Popo alikuwa amesimama ukutani muda wote huo. Alisema polepole, "Alikupa nafasi ya kumwambia mwenyewe. Angeweza kunyamaza, achukue chake aende. Alikuheshimu."

Mzee aliikunja miwani yake, akaikunjua.

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua Mama Vitambaa alikuwa amesimama pale tangu lini. Kitambaa alichokuwa anakikunja kilikuwa bado mkononi.

"Siku ile nilipomwambia dada ndoto yangu," alisema. "Ya mtoto ananiita kutoka bafuni. Ukaja jioni ukaniambia na wewe umeiota. Tukalia pamoja mpaka tukalala. Uliiota?"

Kobe alitamani yule mzee adanganye. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita ya kazi, alitamani mtuhumiwa adanganye.

"Sikuiota," Mzee Laini alisema.

Mama Vitambaa aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa saa ya gari kuondoka. Akageuka, akaingia jikoni, wakasikia bomba la maji limefunguliwa, likaachwa likimwagika. Konstebo akamfunga mzee pingu.

Siku tatu baadaye, baada ya Popo kuzikwa, Mama Vitambaa alikuja kituoni kuandikisha maelezo ya shahidi. Alikuja na dada yake, mwanamke mwenye sura kama yake, ambaye hakumwachia mkono. Sajenti akawaingiza kwenye chumba cha mahojiano, akaweka karatasi, akasema wako tayari.

Yule mama alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama kona za dari, moja baada ya nyingine, kisha taa, kisha tundu la hewa juu ya mlango. Jasho lilimtoka. Dakika kumi zikapita bila neno moja.

"Mama," Kobe alisema, "humu hamna kitu. Naapa."

"Najua, baba. Najua hamna." Akaitazama tena dari. "Lakini sauti haitoki."

Kobe alitafakari. Halafu akainuka, akabeba kiti chake kwa mkono mmoja na cha yule mama kwa mkono mwingine, akatoka navyo hadi katikati ya uwanja wa gwaride, mbali na ukuta wowote. Sajenti akafuata na karatasi. Dada akafuata na kiti chake. Askari waliokuwa wakisafisha gari walishangaa, Kobe akawafukuza kwa jicho.

Jua lilikuwa kali. Juu hapakuwa na kitu ila mbingu. Mama Vitambaa aliketi, akavuta pumzi, akatazama huku na huku mpaka akaridhika. Sajenti aliweka karatasi gotini, akaishika isipeperuke.

"Jina la mwanangu," Mama Vitambaa alianza, "naomba mliandike kwanza."

Akalitaja, na Sajenti akaandika.